Kuponi Ishirini na Tatu za Binti Mfalme

Keighley, Jumapili 14 Septemba 1947

Shangazi Hetty mpenzi,

Kaa chini kwanza, na masufuria ya hao wageni wako wa kulala na kula yaache yachemke yenyewe. Tumepanga siku. Mimi na Wilf tunaoana Jumamosi tarehe 22 Novemba, siku mbili tu baada ya harusi ya Binti Mfalme, kwa hiyo London watakuwa wameshatupashia moto.

Sasa usinune. Hatuendi kanisani. Tunakwenda ofisi ya msajili, dakika kumi, mashahidi wawili, halafu chai nyumbani kwa mama yake Wilf. Nitavaa ile suti yangu ya kahawia. Bado nzuri ukiacha viwiko, na viwiko nitaviziba mwenyewe. Mimi niliyeshika sindano kiwandani tangu nina miaka kumi na minne nikiziba kiwiko, nani atajua?

Kwa hiyo zile kuponi za nguo unazonikusanyia kwenye kopo la chai sizihitaji. Najua umewasumbua nusu ya Morecambe, huyu moja, yule mbili, na siku hizi bila kuponi mtu hanunui hata soksi. Washukuru sana. Warudishie, au zifanyie unavyotaka mwenyewe. Mambo ya gauni jeupe si yangu. Nivae jeupe Jumamosi, Jumatatu nirudi kwenye sufu yenye mafuta? Nitajiona kama naigiza.

Wilf naye usimguse kabisa. Tangu gazeti liandike kwamba Binti Mfalme amepewa kuponi mia za nyongeza kwa ajili ya harusi yake, hasemi kingine. Juzi alisimama kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi, si unajua yeye ndiye katibu, akasema, "Kuponi mia kwa nguo ya asubuhi moja, na mama yangu anavaa koti la marehemu baba." Watu wakapiga meza. Mimi nilikuwa nyuma nagawa chai, nikapiga meza pia.

Njoo mapema utusaidie.

Wako,
Beryl

*

Morecambe, 21 Septemba

Beryl mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilivua miwani ili nisiione vizuri. Ofisi ya msajili. Haya. Baba yako alipokuacha mikononi mwangu ukiwa na miaka sita aliniambia nikulee, hakuniambia nikuchagulie nguo. Suti ya kahawia pia haya. Nimenyamaza.

Kuhusu kuponi, usiwe na wasiwasi, zimepata mwenyewe. Nimezituma kwa Binti Mfalme.

Usicheke. Nilikaa na lile kopo mbele yangu Jumatano nzima. Bi Clegg wa chumba namba nne alisema niwarudishie wenyewe, lakini nitawarudishiaje na wengine ni wageni wa Agosti, walishakwenda zao Burnley na Oldham? Halafu nikafungua gazeti nikakuta wanawake wazima wanaandika barua kumsema mtoto yule kwa kuponi mia zake. Nikapandwa na hasira. Mwambie Wilf wako hivi: miaka sita ya vita tulivaa rangi ya matope, tukala mayai ya unga, tukakaa gizani na mapazia meusi. Sasa msichana mmoja katika nchi nzima apendeze, tumtazame. Ndiyo kazi yao hiyo, kutazamwa. Hawalimi, hawafumi, hawachimbi makaa. Basi angalau wavae. Mfalme akivaa kama karani wa posta tutakuwa tunamlipa kwa kitu gani?

Nikazitia kwenye bahasha zote ishirini na tatu, pamoja na kadi yenye picha ya bahari, nikaandika: "Kutoka kwa msichana wa Keighley ambaye hazihitaji." Nimekupa sifa wewe, mimi nimeandika anwani yangu tu nyuma ya bahasha.

Mvua hapa haijakatika. Viazi hakuna. Wageni wanalalamika kama vile mimi ndiye niliyevila.

Shangazi yako,
Hetty Sugden

*

Keighley, Jumatano 24 Septemba

Shangazi,

Barua yako nimeisomea msalani kiwandani, na nimekaa humo mpaka msimamizi wetu Bi Ogden akagonga mlango akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa nazihitaji. Nilikudanganya. Gauni jeupe nalitaka tangu nilipokuwa namsaidia Bi Holt, yule mtunza kanisa, kufuta viti na kuwaona mabibi harusi wakipita. Kutwa nzima hapa inapita mikononi mwangu sufu nzuri hakuna mfano, yadi kwa yadi, natafuta uzi uliokatika naurudishia kwa sindano mpaka hata aliyeufuma asijue ulikatika wapi. Halafu inafungwa inapelekwa Amerika, maana nchi inataka dola. Sijawahi kuvaa hata kipande chake. Nilitaka siku moja tu nivae kitu kilichokatwa kwa vipimo vyangu.

Lakini Wilf alipotaja ofisi ya msajili alinikazia macho, nikaona kabisa ananipima. Nitaje gauni, halafu niwe yule mchumba wa katibu anayetaka kuwa Binti Mfalme mdogo? Nikamwambia napenda suti. Nilisema vizuri mno, akaamini. Wewe nawe ukaamini.

Sikulaumu. Niliandika mwenyewe, zifanyie unavyotaka. Ila Wilf usimwambie, nakuomba. Nitavaa suti, nitacheka, na hakuna atakayejua.

Beryl

*

Keighley, 3 Oktoba

Bi Sugden,

Barua yako ya kurasa sita imenifika. Neno "jiwe" nimelikuta mara nne, na mara zote nilikuwa ni mimi.

Naomba nijitetee kidogo. Ni kweli nilisimama kwenye mkutano nikasema niliyosema kuhusu kuponi mia, na kesho nikipewa nafasi nitayarudia. Sioni sababu ya nchi nzima kuchanika viatu ili ukoo mmoja upendeze. Mfalme simchukii. Kazi yake tu ndiyo siioni. Lakini sina ugomvi na gauni, Bi Sugden. Ugomvi wangu ni mmoja kuambiwa chukua na mwingine kuambiwa subiri. Beryl wangu amesubiri vya kutosha.

Kuhusu ofisi ya msajili, ukweli ni huu. Nilijua Beryl hana baba wa kumwingiza kanisani na nilidhani hana namna ya kupata gauni, nikaogopa ataumia akijilinganisha na wenzake. Ndiyo maana nikataja ofisi, nikamtazama usoni nione kama atakataa. Akasema anapenda suti. Nikamwona jasiri. Tangu hapo namkwepa mchungaji barabarani, na mama yangu analia kila Jumapili, maana ukoo wetu wote umefungia ndoa katika kanisa lile.

Kwa hiyo nimeamua kuliandikia kasri la mfalme, nieleze kwamba kuponi zile zilitumwa kwa makosa na zirudishwe. Nimeandika mara sita. Habari yenyewe ni fupi, haina taabu. Kilichonikwamisha ni kumalizia. Nimeulizia, nikaambiwa barua za huko lazima umalize kwa kusema wewe ni mtumishi wao mtiifu. Mimi ni katibu wa chama. Nikiandika hivyo na ikajulikana kwenye karakana yetu ya kutia sufu rangi, nimekwisha.

Beryl sijamwambia lolote. Sijui nianzie wapi.

Kwa heshima,
Wilfred Barraclough

*

Keighley, 12 Oktoba

Shangazi mwenye mdomo,

Nilikuomba jambo moja. Moja tu.

Ijumaa tulikuwa kwenye foleni ya samaki na chipsi, watu kama thelathini, nami nawaza tu kama siki itakuwepo. Wilf akaanza, bila salamu wala utangulizi:

"Beryl, unataka gauni?"

"Gauni gani?"

"Usinizungushe. Jeupe. La kanisani."

Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Nani amekwambia?"

"Shangazi yako. Kurasa sita. Kuna mahali kalamu imetoboa karatasi."

"Nilidhani utaniona nimegeuka," nikamwambia. "Napiga meza kwenye mkutano, halafu nyuma yako nataka mkia wa gauni."

"Mkia pia unautaka?"

"Kidogo."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Mwanamke wewe, ungesema tu. Mimi mwezi mzima natembelea vichochoro nisikutane na mchungaji."

Bibi mmoja mbele yetu akageuka. "Mnaoana au hamuoani? Semeni moja, foleni imesogea na nyinyi mmesimama."

"Tunaoana," Wilf akasema, "kanisani." Foleni nzima ikashangilia, na mwenye duka akatuongezea kipande cha samaki ambacho Wilf alitaka kukilipia kwa sababu ya haki na usawa, nikamkanyaga mguu.

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu sasa ninayo ruhusa ya gauni, kanisa ninalo, mchungaji ametupa saa nane mchana tarehe ileile, na gauni lenyewe liko London ndani ya bahasha yako. Kwenye kitabu changu zimebaki kuponi mbili. Wilf anazo tatu na soksi zake zina mashimo. Zimebaki wiki sita.

Nimekusamehe. Lakini nina hasira bado, kwa hiyo nimeandika kwa ufupi.

Beryl

*

Morecambe, 22 Oktoba

Beryl mwanangu,

Leo asubuhi nilidhani nakwenda jela.

Tarishi aliingia mpaka jikoni, hakutumbukiza barua mlangoni kama kawaida, akaniwekea bahasha mezani kwa mikono miwili. Nene, nyeupe, nyuma ina muhuri wenye taji. Wageni wote kumi na mmoja wakaacha uji. Bi Clegg akasema, "Hetty, umefanya nini?"

Nikafungua kwa kisu cha siagi. Barua ya mashine, safi kabisa. Inasema Binti Mfalme ameguswa sana na wema wa msichana wa Keighley, ila kwa masikitiko kuponi zinarudishwa, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kumpa mwingine kuponi zake, awe nani na apewe nani. Nikakaa chini. Hebu fikiria, tangu mwezi wa Nne nimekuwa nikivunja sheria na kopo la chai, halafu nikaenda kujishtaki mwenyewe kwa mfalme, na stempu nikalipia.

Bi Clegg akaisoma kwa sauti mara mbili. Alipofika "awe nani na apewe nani" akasema, "Kumbe na wao hawawezi." Nikamwambia naam, na wao hawawezi, wana sheria kama sisi. Hilo umwambie Wilf. Na umwambie aache kuhangaika na kumalizia ile barua yake.

Zote ishirini na tatu zimo humu. Bahasha ya kasri nimekutumia pia ili uione, lakini nitaitaka irudi, nimeshawaahidi wageni kuiweka ukutani. Nimetuma kwa rejesta. Nunua kitambaa leo hiihii kabla sijakamatwa.

Hetty

*

Keighley, 2 Novemba

Shangazi yangu mzuri kuliko wote,

Sikiliza ilivyokuwa. Nilikwenda dukani kwa Bwana Feather, mimi na Wilf. Bwana Feather akaziona kuponi zimekatwa, haziko kitabuni, akatikisa kichwa. "Za mkononi sipokei, binti. Lazima nizikate mwenyewe kwenye kitabu chako. Nikikaguliwa nafunga duka." Ni kweli, ndiyo sheria, na mimi katika kuhangaika kwangu kote sikuikumbuka. Nikaanza kuzirudisha kwenye bahasha.

Akaiona bahasha.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Kasri," nikamwambia. "Walizirudisha."

Akavaa miwani. Akausoma muhuri, akafuta mikono kwenye aproni, akaisoma barua yote amesimama wima. "Kuponi zilizofika kwa mfalme zikarudi," akasema, "Feather ni nani wa kuzikataa?" Akashusha robota la kitambaa cheupe cha krepu alilokuwa amelificha tangu kabla ya vita, akanipimia yadi saba, na sehemu ya mwisho akapima kwa mkono uliolegea.

Wilf alinibebea kitambaa mpaka nje. Halafu akasema, "Miaka yote nauliza yule mtu ana kazi gani. Kumbe kazi yake ni bahasha." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ninaposhonea sasa ni kiwandani. Bi Ogden aliniona nakata kitambaa mezani saa ya chakula nikadhani nimefukuzwa kazi. Akakichukua mkononi, akasema, "Peke yako hutamaliza hata kufikia Krismasi." Akakigawa. Sasa kila saa sita mchana sisi waziba sufu wote kumi na tisa tunakula kwa mkono mmoja, wa pili unashona. Edna ana mikono ya gauni, Nellie na dada yake wana shingo, Bi Ogden mwenyewe ana mgongo, na mkia haguswi na mtu ambaye hajanawa mara mbili. Gazeti linasema la Binti Mfalme lina washonaji mia tatu na hamsini. Nellie anasema hao ni wengi hivyo kwa sababu hawajui kazi. Sisi tunaoziba sufu mshono usionekane, shangazi, ukilitafuta gauni hili lilipounganishwa hutapaona.

Njoo Jumatano ya juma lile la harusi. Wewe ndiye utakayeniingiza kanisani. Nimemwuliza mchungaji, akasema kwa kawaida ni mwanamume, nikamwambia aje akubishie mwenyewe. Hajarudi.

Beryl

*

Keighley, 30 Novemba

Shangazi Hetty,

Natumaini ulifika salama na kwamba keki haikupondeka njiani. Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya, na mama anauliza kila siku utarudi lini mmalizie ugomvi wenu wa maandazi.

Nina mambo mawili ya kuungama. La kwanza ni Alhamisi ile, siku ya harusi ya London. Nilikuaga nikasema nina kikao klabuni. Hapakuwa na kikao. Tulikuwa wanaume arobaini wa karakana ya rangi, tumezunguka redio, na kila anayeingia anasema amekuja kusikiliza matokeo ya mbio za farasi. Matokeo ya farasi hayatangazwi asubuhi. Lilipoanza kuelezwa gauni, lulu ngapi sijui, mkia mita ngapi, Herbert Sykes akasema, "Uonevu mtupu huu," na alipojaribu mmoja kuzungumza, huyohuyo Herbert akamwambia, "Nyamaza, nasikiliza." Mimi nilikaa mpaka mwisho. Msimamo wangu haujabadilika. Lakini nilikaa.

La pili. Mlipoingia kanisani wewe na Beryl, niliambiwa nisigeuke mpaka mfike. Niligeuka. Nilikuwa nimejiandaa kuona gauni, maana kwa wiki tatu sikusikia habari nyingine. Sikuliona gauni. Nilimwona Beryl, amenyoosha mabega, anatazama mbele kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa asubiri. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Kama uliniona nimeshindwa kuimba ubeti wa kwanza, haikuwa mafua.

Na sasa habari mpya. Edna anaolewa Februari. Gauni linamkaa, likipunguzwa kiunoni. Baada yake Nellie, Pasaka, kisha binti wa Bi Ogden, kisha msichana wa ofisini ambaye hata hatumjui vizuri. Beryl ameweka daftari. Kila atakayelivaa anaandika jina, analifua, analitoa kwa anayefuata, na likichanika kuna watu kumi na tisa wa kuliziba. Nimesema kwenye mkutano, mbele ya wote, kwamba nchi hii ingeendeshwa kama gauni lile tusingehitaji chama. Watu walipiga meza kuliko siku zote.

Beryl anakusalimu. Anaandika kwenye daftari.

Mwanao,
Wilf

*

Morecambe, 7 Desemba

Beryl na Wilf, wanangu,

Nimesoma habari ya daftari mbele ya wageni wote. Bi Clegg amelia, na sababu hataki kusema.

Sasa na mimi niungame. Mimi nilifunga ndoa na Amos wangu mwaka 1916. Alipewa likizo ya siku nne kutoka vitani, moja ilipotelea kwenye treni. Nilivaa sketi ya kazini na koti la kuazima, na kofia ilikuwa ya dada yake. Hatukupiga picha, tukasema tutapiga vita vikiisha. Hakurudi. Beryl hili unalijua, lakini hukuwahi kunisikia nikilalamikia sketi, kwa sababu niliona aibu kulalamikia sketi wakati mtu wangu amelala Ufaransa. Hata hivyo niliilalamikia, kimoyomoyo, miaka thelathini na moja. Ndiyo maana kila akiolewa mtu wa kifalme nakata picha zake. Nilikuwa natazama wa watu kwa sababu sikuwa na wangu wa kutazama. Tarehe ishirini na mbili nilishika mkono wako tukaingia wote, na picha zile za magazeti tangu nirudi sijazifungua.

Wilf, usishangilie. Bado nasema wavae vizuri, ndiyo kazi yao. Ila ulilosema kuhusu daftari limenikaa kichwani. Gauni moja, na wasichana wanne mpaka sasa, na wengine watakuja. Edna ni mwembamba, sawa, lakini Nellie ana mabega ya mbeba makaa, mtalipanua mpaka lini?

Kwa hiyo jana nimemwandikia Binti Mfalme. Nimemshukuru kwa kunirudishia kuponi na kwa kutonifunga. Nimemwambia gauni lake lilikuwa zuri sana, kila mtu kasema, ila mimi juma lilelile nililiona moja Keighley lenye mtu wangu ndani, kwa hiyo asinione nina wivu. Halafu nikamweleza habari ya daftari. Nikamwambia kama la kwake sasa linakaa tu kabatini, huku tunao wasichana wawili wa kimo chake, na tutalirudisha limefuliwa na kupigwa pasi.

Shangazi yenu,
Hetty